Kiwambo

Eilert aliiweka regulata mezani pangu
kama mtu anayeleta kuku mgonjwa.
"Inalia," alisema. "Mita kumi na nane, kila nikivuta pumzi."
"Inaliaje?"
Mwokota kombe wa Frøya, miaka sitini na mmoja,
akaangalia dirishani, theluji ikichuruzika kwenye vibati,
akajaza kifua, akalia:
mmmuuu,
ndama aliyesahauliwa zizini.
Sikucheka. Fundi asiyesikiliza mlio
hutibu chuma kisichougua.

Nikaifunga kwenye mtungi, nikafungua hewa taratibu.
Tisa na nusu, ilisema geji.
Nikangoja.
*Oddveig hajui kungoja*, mama alikuwa akiwaambia wageni.
Mshale ukajikokota, unywele kwa unywele.
Kumi.
Kumi na robo, na bado una hamu.
Nikachovya kinywa chake kwenye beseni:
vipovu vidogo, ssss,
mtu anayesengenya nyuma ya mlango.

"Huyu umemsikia?"
"Huyo hanisumbui. Kelele za mlango
hazimnyimi mwenye nyumba usingizi."
"Eilert, mlango huu ndio unaokuingizia pumzi."

Nikafungua. Bisibisi, spana nyembamba, taulo jeupe
ili springi isirukie chini ya kabati kama mwaka juzi.
Kile kiti kidogo cha plastiki, si kikubwa kuliko punje ya dengu,
kilikuwa kimechimbika duara.
Hapo ndipo hewa ilipokuwa inajipenyeza.
Nikatia kipya. Oringi mpya. Grisi kidogo,
kidogo, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepaka wanja.
Mshale ukasimama tisa na nusu, ukasahau kupanda.

Ndama naye nilimkuta kwenye kiwambo.
Chumvi ilikuwa imekiwamba upya, kavu, kimekaza;
ngoma gani isingelia ikivutwa vile?
Nikabadilisha, nikapunguza kimo cha wenzo,
nikavuta pumzi mara ishirini nikiwa nimesimama
katikati ya karakana, mdomoni mpira wenye meno ya mtu mwingine.
Kimya.

Alhamisi akarudi, nywele bado mbichi.
"Umeifanya nini?"
"Nimeiponya."
"Kule chini nasikia kombe wakifunga milango yao.
Nasikia goti langu. Jana nilisikia mawazo,
na si mawazo mazuri."
Akavua kofia. "Miaka tisa nimeshuka na yule ndama.
Tangu Halvdan aache kupiga mbizi, ndiye niliyekuwa naye."

Nikatazama lile kopo la takataka,
kile kiti chenye duara ndani yake.
"Msengenyaji harudi," nikamwambia. "Huyo, hata ukilia wewe."
Kisha nikachukua bisibisi,
nikazungusha thumni moja ya mzunguko.
"Vuta."
Akavuta.
Nusu thumni.
"Vuta tena."
Mbali, nyuma ya vilima saba, mmuu.
Eilert akaninyooshea kiganja:
"Hapo. Hapo hapo. Usiguse tena."