Malipo ya Pili

Mwishoni mwa Rajabu tulichinja jogoo,
na Fadina alipopasua utumbo
aliniita jina langu lote, pamoja na la babu.
Ndani zilijaa tambi:
nyeupe, ndefu, zikijinyonga kwenye sinia.
Hakuna aliyekula.
Na hadi leo, futari ikija na tambi
nasema nimeshiba kwa uji.

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani,
chama cha msingi, hapahapa Newala.
Nimepima korosho za watu wazima wakilia,
nimekataa gunia lenye kokoto tumboni,
nimeandika kilo, na nukta, na kilichobaki nyuma ya nukta.
Kumbe nyumbani kwangu, chini ya uchaga,
kuku kumi na mmoja walikuwa wanakatwa makato kila siku
na karani nisiyemjua.

Nikawashika mmoja mmoja.
Kidari kikali kama makali ya panga.
Undu umepauka kama kanga ya kuoshea vyombo.
Pumba wanamaliza, mchwa wanamaliza,
na nyama haijulikani inakokwenda.
Aliyekonda kuliko wote ni yule tetea wa kijivu
tunayemwita Malipo ya Pili,
kwa kuwa shemeji alituahidi mapema
akamleta tumeshasahau.

Duka la pembejeo, katikati ya mifuko ya salfa,
kijana Chihako alinipa pakiti ndogo ya unga.
"Mzee, usipime kwa jicho.
Na usiku wa kuamkia dawa wasinywe maji,
ili asubuhi wainywe kwa kiu."
Anamwambia hivyo mtu wa Newala!
Bomba halijakohoa wiki ya tatu,
dumu linapanda bodaboda kutoka bondeni
kwa nauli ya abiria,
na mimi niende nikawafundishe kuku kiu?

Niliwapima kwenye kikapu,
kwa mizani ya ndoano niliyoagwa nayo kazini.
Fadina alicheka hadi akashika ukuta:
"Wape na stakabadhi!"
Nikawapa. Daftari lipo.

Usiku ule usingizi ulikuwa wa vipande.
Kabla ya adhana niliwasikia wakidonoa sufuria tupu,
ko, ko,
kimya,
ko.
Nikaamka kunywa maji
na nikanywa gizani, polepole,
kata isigonge mtungi,
kama mwizi.

Kulipokucha walikunywa wakiinua shingo
kwa kila funda,
kama wakulima wanaosoma bei kwenye ubao wa mnada
na hawaiamini.

Siku ya pili zikatoka.
Sielezi. Nilimwaga majivu, nikafagia, nikachimba, nikafukia,
nikamfukuza Kishingo
aliyetaka kurudisha ghalani kilichokwisha kutolewa.

Mayai ya wiki ile, alisema Chihako, msile.
Fadina akayatia kila moja mkato wa mkaa,
na mjukuu wetu Shaweji akawa anayahesabu kila jioni
kwa macho ya mtu aliyefungiwa duka usoni.
Tisa. Kumi. Kumi na mawili.
Akauliza kama minyoo inasoma alama ya mkaa.
Kisha Fadina, bila kuniuliza,
akamwekea yote Kishingo,
ambaye siku mbili nzima alikuwa anaatamia hewa.

Jana nimempima tena Malipo ya Pili.
Ndoano imeshuka kidogo:
gramu mia na themanini juu ya zile za kwanza.
Nimesoma, nikasoma tena,
nikafuta miwani kwa shati, nikasoma ya tatu,
maana kazini nilijifunza
kutoiamini mizani inaponifurahisha.
Nimeandika.

Fadina alikuwa amesimama mlangoni na beseni.
"Sasa ning'inia na wewe," akasema,
"uliyekonda kwa kuogopa tambi."