Saa Mbili

Ukuta wa stesheni ya Egirdir ulikuwa na saa mbili.
Ya kampuni ilianza kuhesabu usiku wa manane,
mji mzima umelala, hata paka.
Ya mji ilianza jua linapotua nyuma ya Barla
na ziwa kubaki na rangi ya sufuria kuukuu.

Babu mzaa mama, Shukru, mshika bendera,
ndiye aliyezitia ufunguo.
Ya pili aliirekebisha kila magharibi,
maana jua halina adabu ya kutua wakati uleule.
Wageni walimuuliza ipi ya kweli.
"Treni inakuja kwa ile," alijibu. "Inangojwa kwa hii."

Mwaka wa matufaha mengi alikuja Nezahati
na sanduku la mbao, soksi mpya, na barua ya posa
ya fundi cherehani wa Izmir asiyepata kumwona.
Akatazama juu. Akasoma saa isiyo yake.
Akakaa kwenye benchi, akamenya yai la kuchemsha
taratibu, chumvi kwenye karatasi,
na treni ikaondoka mbele ya macho yake
kana kwamba ilimhusu mtu mwingine.

Mimi ni uzao wa yai lile.

Baadaye serikali ikatangaza: saa ni moja.
Shukru akaiteremsha ya pili usiku,
akaifunga kwenye shuka, akaibeba kifuani
kwa njia ya ufukweni,
na waliokutana naye wakampa pole
wakidhani amebeba kichanga.

Sasa reli imeota mbigili. Treni ya mwisho
sikumbuki hata ilikuwa siku gani; hakuna aliyeaga,
tulidhani itarudi kesho.
Manispaa inataka mkahawa. Jana alikuja Tunjai,
mhandisi, kijana wa futikamba na heshima,
akapapasa lipu: mduara mmoja,
na hatua tatu pembeni
mduara mwingine, mweupe kuliko ukuta.
"Bi Feride, hapa palining'inia nini?"

"Taa," nikamwambia.

Akaandika: taa.

Jikoni kwangu, kati ya kopo la sukari na la mnanaa,
kuna kitu kinagonga-gonga kama kidole mezani.
Jua likigusa Barla naacha mwiko,
nafuta mikono kwenye sketi,
naisogeza mishale.
Kumi na mbili kamili.
Dengu zikiungua, na ziungue.