Maneno Matatu Juu ya Kibodi

Nikiandika "Malipo", kidole hakijainuka,
simu imeshanipangia maneno matatu juu ya kibodi:
*yatachelewa. kesho. vumilieni.*
Sikuifundisha kwa kusudi.
Misimu minne mimi karani wa ushirika, Mahuta,
misimu minne nawajibu wakulima jibu moja,
nayo mfukoni, kimya kama mtoto wa mwenye nyumba,
inasikiliza, inaweka akiba.

Majina ya huku yanaitatiza.
Mzee Ndembo nilimwarifu magunia yake yamepimwa,
ikaandika: "Tembo, magunia sita."
Akaja mbio, panga mkononi,
kuuliza wameingia shamba la nani.
*Kangomba* huligeuza *kugombana*.
Hilo sijalirekebisha. Haikukosea sana.
Na Bi Nantende kila mara huwa *nitende*,
ushauri ambao mimi sikuwa nimeuomba.

Lakini niwaambie la Jumamosi.
Nimempakia Somoe kwenye pikipiki, twende Newala,
kwa shangazi yake kuna mwali anatoka.
Nikawasha ramani, si kwamba njia siijui,
ni ile raha ya mke kukuona unaongozwa na mitambo.
Dada wa ndani ya simu, yule asiyekohoa wala kumeza mate,
akasema mbele yetu sote:
"Dakika nne kufika nyumbani. Pinda kushoto."

Kushoto ni kwa Zainafu, muuza uraka.

Nikasema imeharibika. Nikasema ni mtandao, ni jua.
Kumbe simu haiulizi umeoa wapi;
pale inapokukuta umetulia jioni tano kati ya saba,
hapo ndipo inapopaandika nyumba.
Somoe hakunena mpaka Newala,
na Newala alinena na muuza chumvi tu, habari ya bei.

Jana, saa nne, benki ikaleta.
Nikaketi wima, nikaandika "Malipo yame",
ikaniwahi: *yamechelewa. yamekwama. yamesitishwa.*
Nikatazama kushoto, kulia. Neno lenyewe halikuwapo.
Basi nikaliandika herufi kwa herufi,
kama mtoto wa darasa la kwanza anayekaza ulimi,
i, kisha n, kisha g,
nalo likatoka limepigiwa mstari mwekundu chini yake,
kosa.
Nikalituma hivyo hivyo kwa watu mia mbili na kumi.

Nikangoja vigelegele.
Jibu la kwanza lilitoka kwa Bi Nantende,
kwa kidole cha mjukuu:
"Hii umeandika wewe au simu?"

Nikaanza kumjibu, "Ni".
*nivumilieni. niko njiani. nitawajulisha.*

Nikaitia mfukoni, nikawasha pikipiki
nikamwambie kwa mdomo, anione na macho.
Kwenye njia panda ya Zainafu ikatetemeka pajani.
Sikuitoa kuiuliza inataka nini.