Mchoraji wa Mageti

Nimeandika MBWA KALI kwenye mageti mia nne na kitu,
kutoka Buruburu mpaka Kileleshwa,
na kila mtaa una mwalimu mstaafu
anayepita, akasimama, akakohoa:
"Binti, mbwa ana uhai. Ni mkali. M yako i wapi?"
Humjibu kwamba M ni shilingi hamsini zaidi.
Hucheka. Hajui kuwa sitanii sana.

Mbwa niliyeanza naye hakuwa mkali.
Aliitwa Senti, kwa kuwa baba alisema
hata senti moja hangeitoa kwa ajili yake.
Tuliishi Makongeni, nyumba za reli, chumba kimoja,
watu sita na stovu ya mafuta ya taa.
Nilimtoa soko la Burma, nyuma ya vibanda vya nyama,
sikio la kushoto limeliwa nusu,
mkia ukigonga debe tupu
kama mgeni anayebisha hodi.

Mama akasema, "Kiumbe hicho hakivuki kizingiti."
Hakikuvuka. Nilivuka mimi.
Bi Zuhura wa mlango wa pili hakumgusa hata kwa fimbo,
lakini kila Ijumaa mifupa ya pilau
ilikuwa juu ya gazeti, karibu na mfereji.
"Simgusi," alisema, "ila njaa yake naijua."

Makaa yalikuwepo, karatasi hakuna.
Nikamchora ukutani, nyuma ya vyoo:
Senti akijikuna,
Senti akimsubiri baba, ambaye hakumpenda,
Senti usingizini, miguu ikikimbia.
Hapo nilishindwa. Kitu kimelala na kinakimbia,
utakichoraje kwa kipande cha kaa?
Nina miaka hamsini na mitatu. Bado nashindwa.

Kisha watu wa kanjo walikuja na bunduki, Jumanne,
habari ya kichaa cha mbwa huko Shauri Moyo.
Hilo nitaliruka.

Katika lugha yetu, ukitaka kumdunisha mtu
unamwita jina lao.
Nimelisikia stendi, nimelisikia kanisani,
na kila mara nageuka kidogo,
kama niliyesikia mtu akimtaja ndugu yangu.

Bwana Odindo wa Lavington alitaka meno.
"Mwizi ayaone atubu."
Nikampa meno, meupe, ufizi mwekundu,
ute ukidondoka hadi kwenye kitasa.
Wiki haijaisha, simu:
"Mama, mbwa wako anakaribisha wageni.
Watoto wa shule wanampapasa pua.
Rangi imekwisha hapo."
Nikaenda. Kweli, pua ilikuwa bati tupu, linang'aa.
Meno yalikuwa ya aliyelipa.
Macho yalikuwa ya Senti.
Na sikio, wallahi sikukusudia, lilikuwa nusu.

Nikaanza kurudi nyuma, geti kwa geti,
Umoja, Donholm, Lang'ata kwa daktari wa meno,
lile la South B lililogongwa na lori la maji.
Nusu. Nusu. Nusu.
Miaka thelathini nimekuwa nikilinda mji
kwa mbwa mmoja
asiyewahi kumbwekea mtu.

Geti langu la Kayole lilibaki mabati matupu.
Kinyozi hajinyoi, nilikuwa nikisema.
Jana nikakwangua mabaki ya makopo matatu,
mkono ukitetemeka kama unavyotetemeka siku hizi,
na Mwalimu Lumadede wa jirani
akaja na kiti chake kabisa, kuisubiri M.

Niliandika maneno mawili: MBWA YUPO.

Akasoma. Akachungulia uani:
kamba ya nguo, ndoo, sukuma wiki,
bakuli hakuna, mnyororo hakuna.
Akakaa kimya mpaka rangi ikaanza kukauka.
"Kisarufi," akasema, akikunja kiti,
"sina la kusahihisha."