Tikiti Mbili za Bamburi

Langoni mama aligoma kulipa.
Si kwa ubahili. Alimtazama kijana wa tikiti,
kibandiko kifuani kimeandikwa Tsuma,
akamwambia, "Mume wangu alilichimba shimo hili.
Mtu hulipa kuingia shambani mwake?"
Nyuma yetu foleni ya watoto wa madrasa,
chupa za maji shingoni, ustadhi akihesabu vichwa,
na Tsuma, maskini, hakufundishwa jibu la swali hilo.
Nikalipa mimi. Watu wazima wawili, wenyeji.

Miaka kumi na tisa aliishi na vumbi la hapa
bila kupaona hapa.
Lilikuja nyumbani Kisimani kwenye nyusi za baba,
kwenye kola, ndani ya mkebe wa chakula.
Alilikung'uta uani, akalichemsha, akalianika,
kesho yake likarejea na zamu ya alfajiri.
Sisi watoto tulidhani baba ni mweupe.
Rangi yake tuliiona vizuri
siku alipooshwa.

Sasa ni mivinje kila upande,
sindano zake zimetanda chini kama jamvi
na majongoo wamo humo wanatafuna, hawana haraka.
Mwelekezi akaeleza: hapa palikuwa jiwe tupu,
halikuota hata kwekwe. Mivinje ikaangusha majani,
majongoo wakayala, wakatoa udongo.
Mama akainama, mikono magotini.
"Na hawa," akauliza, "wanalipwa kwa siku au kwa mwezi?"

Nilitaka kumwonyesha twiga.
Kila mtu alikuwa akikimbilia twiga.
Yeye akakwama penye bwawa,
akalipima kwa macho kama apimavyo kitambaa dukani,
kutoka ukingoni hadi ule ukuta wa matumbawe
wenye matundu ya baruti bado, sawasawa, kama vifungo.
"Ni hapa. Alikuwa akisema kuna pembe haikauki,
wakiyavuta maji kwa pampu, asubuhi yamerudi.
Msimamizi alisimama akiyatukana."
Sato wakapanda juu, midomo ikifunguka na kufunga
kama mtu aliyetaka kusema kitu mbele ya wageni, akaghairi.
Kiboko alitoa masikio tu, na pumzi.

Akafungua mkebe. Ndio uleule,
kifuniko kimebonyea upande mmoja.
Viazi vya karai, ukwaju kwenye kichupa cha dawa ya kifua.
Tulikula tumekaa juu ya jiwe.
Nilingoja aseme baba angefurahi.
Alisema chumvi imezidi.

Mtoto mmoja wa madrasa, kundi limemwacha kidogo,
akaja akasimama karibu na viazi
akauliza, kwa adabu, ziwa hili ni la nani.
Mama akayatazama maji muda mrefu
kama mtu anayetafuta chenji mkobani na watu wanangoja.
"La yule," akasema, akimwonyesha kiboko.
Kisha akampa kiazi, kikubwa kuliko vyote.

Baba alikuwa kibarua wa siku.
Jina lake waliliandika kwa chaki ubaoni asubuhi,
jioni wakalifuta kwa kitambaa chenye maji.
Miaka kumi na tisa. Alipoanza kukohoa
tulikwenda ofisini kuuliza, karani akapekua faili,
akapekua kweli, hakuwa mtu mbaya,
akatuambia hakuna Mwambire hapa.

Kutoka, Tsuma akatupungia mkono.
Mama hakumwona. Alikuwa anafunga zile tikiti mbili
kwenye pindo la leso, fundo lilelile la pesa,
zina tarehe, zina muhuri.
Ndani ya tuktuk akalipapasa fundo
mpaka tukapita Bombolulu.
"Twiga," akasema, "hatukuwaona."
Nikamwambia tutarudi wiki ijayo.
"Utalipa wewe," akasema.