Kifuniko cha Halwa

Dashibodi niliyowaundia watu wa maji, Barka,
ilikuwa na saa kumi na nane za duara,
mishale, vivuli, ramani inayopepesa,
na rangi za duka zima la kanga.
Meneja alipiga makofi.

Usiku mmoja nikapitia zamu ya Hamdun.
Kachukua kifuniko cha boksi la halwa,
kakata kidirisha kwa wembe,
kakibandika kwa selotepu
juu ya kazi yangu ya miezi mitatu.
Kilichobaki kuonekana: kina cha tangi la tano
na kijistari kimoja, kikiteremka.

"Usinune, Zuwena," akasema,
macho hayabanduki kidirishani.
"Hiki ndicho kinachoniweka macho.
Hayo mengine ni harusi ya watu,
mimi sikualikwa."

Nikatafuta jibu. Chai ya karaki ikanipolea mkononi.
Kijistari kikashuka chini ya mita mbili,
naye akawasha pampu
kabla sijaisoma namba.

Kulipokucha nikaanza kufuta.
Nikafuta vivuli, fremu, nembo ya kampuni,
saa kumi na saba, moja baada ya moja,
na ile ramani, ambayo niliionea uchungu.
Nyekundu nikaiacha moja,
ilale mpaka siku ya hatari.
Kilichobaki ni weupe,
kama ukuta wa mtaani kwetu saa sita mchana.

"Kazi niliyolipia iko wapi?" akauliza meneja.

Nikamwekea kifuniko mezani.
Kilikuwa bado kinanukia hiliki.