Duka Lililozama Mikokoni

Zuwena, jana nikaja
dukani kwako kungoja
halua ya kilo moja,
ukaniweka kitini.

"Khatibu, fundi wa simu,
tovuti yangu ni sumu?
Mwaka mzima, timamu,
haji mtu asilani!"

Simu nikaifungua,
nikaandika "halua
ya Wete", nikachungua
kurasa mpaka chini.

Nikawaona wa Tanga,
na wa Mombasa, na Vanga,
na mpishi wa karanga;
wewe sikukubaini.

Ramani nikaitaka:
pini ulivyoiweka,
duka limeshafurika
maji, limo mikokoni.

Mteja wako azame?
Avae buti, ahame
njia ya lami, aseme
na kaa wa matopeni?

Iondoe, iegeshe
barazani, na ikeshe;
saa zako uonyeshe
na za mwezi Ramadhani.

Tena kile kichwa chako,
"Karibu Nyumbani Kwako":
nyumbani kwa nani huko?
Kwa Faki? Kwa Athumani?

Ukurasa ubandike
jina, kitu, mji wake:
"Halua Wete". Wacheke
wanaopenda utani.

Umeandika "kitamu
cha jadi chenye nidhamu":
nani, akishika simu,
yatamjia kichwani?

Huuliza: "Itakaa
siku ngapi ikivaa
ukili? Itakataa
kupanda nami ndegeni?"

Jibu hayo, hayohayo,
maneno wayasemayo,
ndiyo njia wapitayo
kuja kwako kibandani.

Lakini usirudie
"halua" hadi ilie;
hata iliki, itie
kwa kiasi, kwa mizani.

Picha zako, nakubali,
zang'ara kama asali,
ila uzito, jabali!
Zinakwama safarini.

Mtu wa Konde, na bando
la mia tano, na mwendo
wa kobe, atoka kando
picha haijabaini.

Zipunguze, uzikate,
majina uzipe zote:
"Sinia", "Lozi za Wete",
si tarakimu gizani.

Yule kijana wa Chake,
ati kwa laki ufike
wa kwanza, kesho ucheke,
mtimue barazani.

Viungo anavyouza
si vya mchuzi, vyaoza;
mtambo ukichunguza
hukutupa jalalani.

Kiungo cha kweli, omba
kwa Shufaa mwenye vyumba
vya wageni; ataimba
jina lako tovutini.

Tena, Zuwena, subira;
kupanda si kwa harara.
Halua iliyo bora
haipikwi dakikani.

Ngoja miezi minne,
uandike, usinune,
mambo mapya tuyaone,
si ya mwaka wa zamani.

Lile tangazo la Idi
iliyopita, si budi
liondoke, na ahadi
ya kupunguza thumni.

Ukasema: "Nimepata,
lakini mimi hufata
mkono, sijui hata
kupamba maandishini."

Nikakwambia: Zuwena,
yule wa Gando, mchana,
ulivyompa maana
ya lozi na zafarani,

ukamwonjesha kijiko,
ukataja moto, mwiko,
na babuyo na vituko
vyake vya sufuriani,

hayo ndiyo, yaandike
kama yalivyo, yatoke
kinywani kwako, yafike
kwa mtu, si mtamboni.

Mtambo hufata watu,
hauna ulimi, katu,
utamu kwake si kitu,
hutazama midomoni.

Pini tukaisogeza
toka kwa kaa na pweza,
ikapanda, ikaweza
kutua kwako batini.

Kilo yangu sikubeba,
kwa maneno nikashiba;
nifungie, hata haba,
nitafata kwa ramani.